Jinsi ya Kuvaa Hanboki Ikakaa Sawa Siku Nzima: Mwongozo Kamili

Malalamiko ya wanaovaa hanboki, vazi la jadi la Wakorea, ni yaleyale kila mara. Tepe za kifuani zimefunguka baada ya nusu saa. Sketi imeteremka na sasa inakanyagwa. Ukosi umerudi mgongoni, na picha zote zinaonyesha mtu aliyevalishwa kwa haraka.

Wengi hukimbilia kulifunga upya lile fundo la kifuani, mara tatu, mara nne, hadi utepe unajikunja kama kamba ya kiatu. Fundo halina kosa. Utepe ule haukushonwa ili ubebe nguo. Kinachobeba hanboki ya mwanamke ni mkanda wa sketi uliofungwa kifuani, na kinachoshika koti ni kamba ndogo ya ndani isiyoonekana. Ukikosea hivyo viwili, hakuna fundo litakalokuokoa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia ndani kuja nje.

## Majina utakayoyasikia

Chima ni sketi ndefu inayozungushwa mwilini na kufungwa juu ya matiti. Anayejua kufunga kanga kifuani tayari anajua nusu ya kazi.

Jogori ni koti fupi la juu, la kike na la kiume. Gorumu ni zile tepe mbili za kifuani, moja ndefu na moja fupi. Dongjongi ni ule ukanda mweupe mgumu juu ya ukosi. Bosoni ni soksi za kitambaa zenye ncha iliyoinuka. Baji ni suruali pana ya kiume, na daenimu ni tepe za kuifunga vifundoni.

## Vitu vya kuandaa

Kwa mwanamke:

- Suruali ya ndani, pana na nyepesi, inayofika karibu na kifundo
- Fulana nyembamba ya pamba yenye shingo pana
- Gagulo lenye mkanda wa kifuani, fupi kuliko chima kwa sentimita 2 hadi 3
- Chima na jogori
- Bosoni, au soksi nyeupe zisizo na maandishi
- Viatu vya hanboki, au viatu vya chini visivyo na kamba
- Pini mbili ndogo, kwa dharura tu

Kwa mwanamume: baji na mkanda wake wa kitambaa, jogori, daenimu mbili, bosoni, na kizibao kiitwacho joki. Kwa baridi au hafla rasmi kuna magoja, yaani koti la vifungo linalovaliwa juu ya kizibao, na durumagi, joho refu la nje.

Kwa wote: kioo kirefu, pasi, na kipande cha kitambaa cheupe cha pamba cha kutandika juu ya nguo wakati wa kupiga pasi. Mara ya kwanza jitengee dakika 40. Ukiwa na mtu wa kukusaidia mgongoni, nusu yake inatosha.

### Vipimo vitatu

Pima mzunguko wa kifua mahali palipojaa zaidi. Pima urefu kutoka juu kidogo ya matiti hadi sakafuni, ukiwa umevaa viatu utakavyotumia siku hiyo. Kisha nyosha mkono pembeni na upime kutoka mfupa wa shingo nyuma, kupitia begani, hadi kifundo cha mkono.

Kipimo hiki cha tatu ndicho kinachosahaulika. Jogori haina mshono wa bega kama wa shati. Mkono wake unaanzia shingoni kwa mstari mmoja. Ukimpa fundi urefu wa mkono kuanzia begani, mikono itaishia juu ya kifundo na ule mkunjo mzuri wa chini ya mkono utaharibika.

## Kabla hujachagua rangi

Huku wengi huchagua rangi kwa kuangalia ngozi yao. Wakorea huangalia kwanza shughuli.

Jogori ya kijani juu ya chima nyekundu ni vazi la bibi harusi mpya. Ukialikwa harusini, usiende nalo. Siku hiyo hiyo mama wa bwana harusi kwa kawaida huvaa rangi za jamii ya buluu, na mama wa bibi harusi huvaa waridi au rangi iliyo karibu nayo, kwa hiyo mgeni mwenye busara hukaa mbali na mchanganyiko unaofanana na wao. Nyeupe tupu au nyeusi tupu kuanzia juu hadi chini hukumbusha msiba.

Mikono yenye mistari ya rangi nyingi ni ya watoto hasa, kwa mfano kwenye sherehe ya kutimiza mwaka mmoja. Msingi wake ni rangi tano za mielekeo: buluu mashariki, nyeupe magharibi, nyekundu kusini, nyeusi kaskazini, njano katikati. Mtoto huvalishwa zote ili apate kinga na baraka za kila upande.

Kuna na lugha ndogo zaidi, ya vipande. Kwa desturi ya zamani gorumu ya zambarau ilisema kwamba mume wa mvaaji yu hai, na ncha za mikono za buluu iliyokoza zilisema ana mtoto wa kiume. Maduka ya leo hayaulizi, na kijana asiyeolewa huvaa zambarau bila kusemwa. Lakini bibi wa miaka themanini anaweza kuisoma nguo yako kama sisi tunavyosoma jina la kanga, kwa hiyo ni vizuri ujue imeandikwa nini.

Kitambaa kifuate hali ya hewa. Kitambaa kiitwacho mosi, kinachofumwa kwa nyuzi za mmea wa rami, hupitisha upepo na hufaa joto kali. Ufumaji wake wa eneo la Hansan, Korea Kusini, uliingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2011. Hariri nyepesi ni ya majira ya kati, na hariri nzito yenye maua ya kufumwa ni ya baridi. Poliesta hupigwa pasi kirahisi na hufuliwa nyumbani, ila mchana wa jua utakutoa jasho vibaya.

## Hatua ya 1: Piga pasi tepe kwanza

Jogori nzima ikiwa na mikunjo midogo, watu hawataiona. Gorumu ikiwa na mikunjo, fundo halitakaa kamwe, kwa sababu utepe uliokunjamana hujiviringisha wenyewe.

Tandika kitambaa cha pamba juu ya utepe, pasi iwe ya joto la wastani, vuta kutoka kwenye mshono kwenda nchani. Usinyunyize maji kwenye dongjongi. Ndani yake mara nyingi kuna karatasi ngumu, na ikilowa hujikunja na hairudi.

Umefaulu ikiwa utepe ukiushika kwa mshono wake unaning'inia wima, bapa, bila kuzunguka.

## Hatua ya 2: Nguo za ndani na bosoni

Vaa fulana, suruali ya ndani, kisha bosoni. Soksi zinakuja mapema kwa sababu moja tu: ukishafunga chima kifuani, kuinama kunaivuta mgongoni na kazi inaanza upya.

Bosoni ina mshono unaopita juu ya mguu. Geuza kila moja hadi mishono miwili ielekeane kidogo, ya kulia ikiinamia kushoto na ya kushoto ikiinamia kulia. Ukizibadilisha miguu, ncha zitatazama nje na mguu utaonekana mpana.

Sasa gagulo. Lifunge kwa namna ileile utakayofunga chima, maelezo yako hatua inayofuata. Usiliache kwa kuona kwamba chima yenyewe ni nzito. Umbo la kengele linatoka kwenye gagulo. Bila hilo chima hujibana miguuni unapotembea na hulala bapa tumboni.

Hanboki nyingi za kukodi karibu na kasri la Gyeongbokgung, Seoul, huja na gagulo la waya. Linapendeza kwenye picha. Kwenye kiti cha basi linainuka mbele kama mwavuli, basi lishike kwa nyuma kabla ya kukaa.

## Hatua ya 3: Chima

Hapa ndipo siku yako inapoamuliwa, kwa hiyo usiharakishe.

1. Shika mkanda wa chima kwa mikono miwili, sehemu iliyo wazi ikiwa nyuma. Kama ina mabega ya kuvaa kama kizibao, ingiza mikono kwanza.

2. Weka ukingo wa juu wa mkanda juu ya matiti, karibu na kwapa. Watu huuweka kiunoni kwa mazoea ya sketi, au chini ya matiti. Huko hauna pa kushika, na utateremka kwa kila hatua utakayopiga.

3. Nyuma, pishanisha kingo mbili. Ukingo wa nje uishie kushoto mwa uti wa mgongo, na mpishano uvuke katikati kwa takriban sentimita 7 kila upande. Mpishano mdogo hufunguka ukipanda ngazi na gagulo linaonekana. Mpishano mkubwa kupita kiasi huvuta marinda ya mbele kando, na mstari wa chima unapinda.

4. Kamba za mkanda zipitishe nyuma zikipishana, uzilete mbele. Chima nyingine ina tundu dogo ubavuni. Kamba moja hupita humo. Tundu hilo lipo ili mkanda usijikunje, si pambo.

5. Vuta kamba kwa usawa, kulia na kushoto, wala usivute kwenda chini. Jaza kifua pumzi nusu, funga fundo imara, kisha kitanzi. Vidole viwili viweze kupita chini ya mkanda. Fundo likae pembeni kidogo mwa katikati, kwa sababu jogori itakuja juu yake na uvimbe wa fundo utaonekana.

6. Ncha za kamba zichomeke ndani ya mkanda. Zikining'inia zitachungulia chini ya jogori.

Jaribio: inua mikono yote juu, ishushe, ruka mara mbili pale pale. Mkanda ukishuka hata kidogo, fungua uanze tena namba 2 ya orodha hii. Usijidanganye kwamba jogori itaushikilia.

Umefaulu ikiwa pindo la chini linagusa juu ya viatu kwa usawa pande zote, bosoni hazionekani ukisimama, na unaweza kuvuta pumzi ya kawaida.

Chima ikiwa ndefu, usikunje mkanda kiunoni kama tunavyokunja msuli. Kunja mkanda wa kifuani mara moja kwa ndani kabla ya kufunga. Hupunguza sentimita 4 au 5 na jogori hufunika mkunjo.

## Hatua ya 4: Jogori

Ingiza mikono, kisha simama mbele ya kioo bila kufunga chochote.

Shika kingo za mbele, uvute jogori nzima mbele na chini kidogo, hadi mstari wa bega uwe umeinamia mbele badala ya kulala nyuma. Jogori ina tabia ya kurudi mgongoni kwa uzito wa mikono. Ukiifunga ikiwa imerudi, kwa saa nzima utakuwa unavuta ukosi.

Sasa kufunga. Upande wako wa kulia unaingia ndani, upande wa kushoto unakuja juu. Anayekutazama ataona umbo la herufi y. Usigeuze. Katika kanuni za mazishi za Kikonfusio, maiti ndiye anayefungwa nguo kinyume, na mzee wa Kikorea atashtuka kabla hajakusalimu.

Tafuta kamba ndogo ya ndani na mwenzake, uzifunge. Kama kuna kifungo cha kubonyeza, kibonyeze pia. Hizi ndizo zinazoshika koti. Usiondoke hapa hadi koti limekaa lenyewe bila utepe wa nje.

Umefaulu ikiwa ncha mbili za dongjongi zinakutana kwa urefu mmoja pale zinapopishana, na mkanda wa chima hauonekani chini ya jogori hata ukiinua mikono usawa wa mabega. Ukionekana, chima ndiyo iliyokaa chini. Rudi hatua ya 3.

## Hatua ya 5: Gorumu

Makosa mawili hutawala hapa. La kwanza ni kufunga maua mawili kama zawadi. Gorumu ina kitanzi kimoja tu, kinacholala kuelekea mkono wako wa kushoto, na ncha mbili zinazoning'inia chini. La pili ni kukaza. Fundo la gorumu hushikwa na msuguano wa kitambaa bapa. Ukilikaza utepe unakuwa kamba, na kamba ya hariri huteleza.

Utepe mrefu umeshonwa kwenye ncha ya ukosi, upande wa kushoto uliokuja juu. Mfupi umeshonwa kifuani kulia.

1. Mfupi mkono wa kulia, mrefu mkono wa kushoto. Zibebe kwa chini, viganja vikitazama juu, uzinyooshe.

2. Pishanisha ziwe kama X, mfupi ukiwa juu ya mrefu.

3. Zungusha mfupi chini ya mrefu, uutoe juu. Umefunga fundo moja la kawaida. Mfupi sasa umeelekea juu, mrefu umeelekea chini. Sogeza fundo hadi likaribie ncha ya ukosi na uache nafasi ya kidole kimoja.

4. Kunja mfupi kuja chini ili utengeneze pete iliyo wazi mbele ya fundo. Ishike pete hiyo kwa mkono wa kulia, usiibane.

5. Kwa mkono wa kushoto, kunja utepe mrefu uwe kitanzi bapa, karibu na fundo.

6. Ingiza kitanzi hicho ndani ya pete, ukitokeze upande wa kushoto.

7. Vuta kitanzi kushoto na ncha ya mfupi chini, pole pole, kwa pamoja. Fundo litajifunga lenyewe likiwa bapa kama mto mdogo.

8. Rekebisha kitanzi kiwe karibu na upana wa kiganja. Ncha mbili zishuke pamoja, moja ikizidi nyingine kidogo. Pitisha vidole juu yake kuondoa mikunjo.

Kitanzi kikisimama wima badala ya kulala, umezungusha upande usio sahihi katika namba 3 au 4 ya orodha hii. Ni lile fundo la babaishababaisha ambalo hata kwenye kamba za viatu hufunguka njiani. Kulivuta vuta hakusaidii. Fungua yote, anza na X.

Ncha moja ikiwa fupi mno, ulichukua kitanzi mbali na fundo. Anza tena, ukunje karibu zaidi.

Utepe ukionyesha upande wa ndani wa mshono, uligeuka wakati wa kuingia kwenye pete. Lilegeze kidogo ugeuze. Hapa huhitaji kufungua.

Fanya mazoezi mara kumi usiku uliotangulia, jogori ikiwa imetandikwa kitandani. Mikono hujifunza haraka kuliko macho. Ukimfungia mwingine, simama nyuma yake upitishe mikono juu ya mabega yake. Ukisimama mbele, kulia na kushoto vitakuchanganya.

## Pambo, nywele na mtandio

Norige, lile pambo la kuning'inia lenye kishada cha nyuzi, huangikwa kabla ya kufunga gorumu. Pitisha kitanzi chake kwenye utepe, kisha funga kama kawaida. Anayelibandika kwa pini baada ya kufunga hulivuta fundo chini. Umbo la popo unaloliona kwenye mapambo haya si la kuogofya. Jina lake kwa maandishi ya Kichina linalingana kwa sauti na neno la baraka.

Nywele zikae karibu na kichwa na shingo ionekane, kwa kuwa mstari wote wa vazi unaanzia kwenye ukosi. Msichana husuka mkia mmoja wenye utepe mwishoni, na aliyeolewa hufunga kishungi chini kisogoni na kuchomeka pini ndefu. Mwenye rasta au nywele nyingi za asili, kishungi cha chini hukaa vizuri. Cha juu kabisa kinazifanya mabega yaonekane madogo.

Kwa mwenye kuvaa hijabu: tumia mtandio mwepesi wa rangi moja, ncha zote ziingie ndani ya ukosi kabla ya kufunga kamba ya ndani. Ukiuachia juu ya kifua, unaficha dongjongi na gorumu, yaani sehemu zote mbili zinazoifanya jogori iwe jogori. Angalia pia kitambaa mbele ya dirisha: jogori nyingi za kukodi ni za lasi inayoonyesha mwili, basi uwe na fulana ya mikono mirefu ya rangi ileile.

Hanboki ya kike haina mifuko. Beba kifuko kidogo cha kitambaa chenye kamba. Simu ukiichomeka kwenye mkanda wa chima itateremka, na itateremka mbele za watu.

## Mwanamume

Gorumu na jogori ni kama juu. Yanayowashinda wanaume ni suruali na vifundo vya miguu.

Baji. Ina vipande viwili vya katikati visivyolingana. Kikubwa kikae upande wa kulia. Kiuno ni kipana sana makusudi. Vuta kitambaa kilichozidi mbele, ukikunje rinda moja kubwa kuelekea kushoto, funga mkanda wa kitambaa juu yake, kisha kunja ukingo wa juu ufunike mkanda. Usikunje marinda mengi madogo, yatafunguka unapokaa.

Daenimu. Kaa kwenye kiti. Weka mshono wa ndani wa suruali kwenye kifundo cha ndani cha mguu. Shikilia hapo. Kitambaa kilichobaki kizungushe kupitia mbele hadi kifundo cha nje na ukikunje kwenda nyuma, kikaze mguu. Zungusha utepe mara mbili, funga kitanzi kwenye kifundo cha ndani. Mwisho vuta suruali ishuke kidogo ifunike utepe.

Ukikunjia upande wa ndani, miguu miwili itasuguana. Ukifunga juu kwenye shavu la mguu, utafanana na mwendesha baiskeli.

Kizibao kifunike pindo la jogori, na mikono ya magoja ifunike mikono ya jogori. Kofia nyeusi pana ya manyoya ya farasi, gati, huendana na joho. Juu ya jogori na suruali peke yake inaonekana kama ya mchezoni. Joho lenyewe mwanamume halivui ndani ya nyumba kwenye hafla, maana ni sehemu ya heshima. La mwanamke ni la kuzuia baridi, na huvuliwa mlangoni.

## Kutembea, kukaa, kusalimu

Ukitembea, shika chima kwa mkono wa kushoto na uinue kidogo. Ndiyo sababu ukingo wa nje uliishia kushoto. Kwenye ngazi za kupanda inua mbele, za kushuka inua nyuma. Chooni, kusanya chima na gagulo pamoja kutoka nyuma, uvilete mbele na kuvikumbatia kifuani.

Ukisimama kwa heshima, mikono hupishana mbele ya tumbo. Mwanamke huweka kulia juu ya kushoto, mwanamume kushoto juu ya kulia. Msibani hugeuzwa. Siku ya mwaka mpya wa Kikorea, vijana wanapowasujudia wakubwa, kosa la mikono huonekana kabla ya kosa la nguo.

Makasri ya kifalme ya Seoul huwaruhusu waliovaa hanboki kuingia bure, mradi wamevaa ya juu na ya chini. Jogori juu ya jinzi hutozwa tiketi. Gyeongbokgung hufungwa Jumanne. Changdeokgung, Deoksugung na Changgyeonggung hufungwa Jumatatu.

## Kuvua na kuhifadhi

Fungua gorumu kwa kuvuta ncha ya utepe mrefu; fundo lililofungwa vizuri huachia mara moja. Tundika nguo kivulini saa chache jasho likauke. Jua la moja kwa moja hufifisha hariri iliyotiwa rangi.

Hariri ipeleke kwa dobi wa kufua bila maji. Dongjongi iliyochafuka haifuliwi: hutolewa na kushonwa mpya, kazi ya dakika chache kwa fundi, na jogori yote huonekana mpya. Manukato paka mwilini kabla ya kuvaa. Yakigusa hariri huacha doa la duara.

Usitundike jogori kwenye henga kwa miezi, maana mabega yatavutika. Itandaze, nyoosha tepe mbili juu ya kifua, kunja mikono ya kulia na kushoto juu ya mwili, weka karatasi nyeupe katikati. Chima ikunje kwa urefu mara mbili, kisha viringisha kwa ulegevu. Iwe juu kabisa sandukuni, bila kitu cha kuigandamiza.

Pwani, ambako unyevu ni mwingi, ifungulie hewa kila baada ya wiki chache. Na vidonge vya nondo vifunge kwenye kitambaa, visiguse hariri wala nyuzi za dhahabu.